Kadi ya grafiki: lipia feni, usilipie majigambo ya boksi

Kazi ya kuandikia watu programu ilinimeza kabisa, lakini mpwa wangu wa Mombasa amenirudisha kwenye kibodi kwa nguvu. Amedunduliza pesa mwaka mzima na sasa ananiuliza: "Mjomba, ninunue kadi ya refarensi au ya kastomu? Nataka kuiovakloki."

Kwa wageni wa mambo haya: kuovakloki ni kuilazimisha chipu iende kasi kuliko ilivyopangiwa kiwandani. Refarensi ni kadi iliyochorwa na mwenye chipu mwenyewe, Nvidia au AMD, kuanzia ubao hadi feni. Kastomu ni pale kampuni kama ASUS, MSI au Sapphire inapochukua chipu ileile na kuijengea ubao wake au kipozaji chake. Hiyo "au" itazame vizuri. Kadi nyingi zinazoitwa kastomu ni ubao uleule wa refarensi uliovishwa feni nyingine na taa za rangi.

Msimamo wangu ni huu: lipia kipozaji kizuri. Hayo mengine waachie wenye mitungi ya naitrojeni ya baridi kali, ambao kwao ubao wenye umeme mwingi una kazi kweli.

Si kwamba kastomu ilipata jina bure. Oktoba 2013 AMD ilitoa R9 290X, na ile ya refarensi ilikuwa na feni moja tu ya kupulizia nyuma. Chipu iliruhusiwa kufika nyuzi 95, na ilipofika huko ikapunguza mwendo ili isiungue. Ungeiovakloki vipi kadi inayoshindwa kushika hata MHz 1000 zake za boksi? Baadaye zilipokuja za kastomu, kama Sapphire Tri-X yenye feni tatu, chipu ileile ikapumua. Mwaka 2016 AMD ikateleza tena na RX 480: kadi ya wati 150 yenye kiunganishi kimoja cha pini 6, ikawa inavuta zaidi ya wati 75 zinazoruhusiwa kupitia tundu la ubao mama. Julai ikabidi watoe draiva ya kurekebisha. Kastomu nyingi zilitumia kiunganishi cha pini 8 na hazikuwa na taabu hiyo.

Watu walikariri somo la miaka hiyo, wakasahau kwamba mambo yalibadilika. Mwaka huohuo wa 2016 Nvidia ilitoa GTX 1080, na volti za chipu ikazifungia kwenye 1.093. Unaweza kuwa na ubao wenye njia za umeme kumi na nne, lakini kama mlango umefungwa kwa kufuli, njia hizo zitapeleka wapi? Refarensi na kastomu, nyingi ziligota kati ya MHz 2000 na 2100. Kilichoamua zaidi ni bahati ya chipu uliyoangukiwa nayo.

Mimi nililipa karo ya somo hili. Mwaka 2018 nilinunua GTX 1080 ya kastomu, ya mkono wa pili, katika duka moja la Luthuli Avenue. Feni tatu, viunganishi viwili vya umeme, boksi limejaa sifa. Nililipa shilingi 15,000 zaidi ya refarensi iliyokuwa kando yake, ambayo mwenzangu wa kazini aliichukua. Tukakesha wikendi nzima. Yangu iligota MHz 2050, yake 2025. Piga hesabu: shilingi 600 kwa kila MHz moja! Kwenye gemu hatukuona tofauti yoyote. Ila yake ilinguruma kama kinu cha kusaga mahindi, yangu ungedhani imezimwa. Huo ukimya ndio nilionunua, bila kujua.

Na kuna mtego mbaya zaidi. Kwa RTX 2080 Ti ya mwaka 2018, Nvidia iliuza chipu za aina mbili: zenye alama ya A, zilizoruhusiwa kuongezwa kasi kiwandani, na zisizo nayo. Zisizo nayo ziliingia kwenye kastomu za bei nafuu, zikiwa na kikomo cha chini cha umeme. Founders Edition ya Nvidia yenyewe ilikuwa na A, feni mbili, na MHz 90 juu ya kiwango rasmi. Aliyekimbilia kastomu kwa jina tu alipata kadi duni kuliko ile aliyoidharau.

Sasa, joto. Kipozaji hakiwezi kuishusha chipu chini ya joto la chumba. Chumba cha Nairobi kikiwa na nyuzi 22 na cha Mombasa 32, kadi ileile kwa mwendo uleule wa feni itakuwa na takriban nyuzi kumi zaidi kule pwani. GTX 1080 hupunguza kasi kwa hatua za kama MHz 13 kadiri joto linavyopanda. Kwa hiyo mpwa wangu anahitaji mapezi mapana na feni kubwa kuliko mimi ninayeandika hapa nikiwa na sweta. Refarensi ningemshauri kama angetaka kupoza kwa maji, maana bloku za maji hutengenezwa kwanza kwa ubao huo, au kama kasha lake lingekuwa dogo lisilopitisha hewa, kwani ile feni ya kupuliza ya refarensi za zamani hutoa joto nje.

Jana kaniandikia tena: kaona kastomu ya feni mbili, haina hata taa, na muuzaji yuko radhi kuiwasha mbele yake. Nimemwambia aiache gemu iende nusu saa, aangalie nyuzi, asikilize feni, ndipo atoe pesa.