Penalti Moja Haipimi Moyo wa Mchezaji

Katika mitaa ya Mashariki mwa Nairobi kama vile Mbotela, mjadala wa soka haukomi kipenga cha mwisho kinapolia; ndipo huanza. Tarehe 22 Agosti 2025, uwanjani Kasarani, Harambee Stars walitoka sare ya 1-1 na Madagaska katika robo fainali ya CHAN 2024, kisha wakalemewa 4-3 kwa mikwaju ya penalti. Hukumu ya barazani ilikuwa fupi: vijana wetu hawana moyo, shinikizo likizidi, huingiwa na kiwewe.

Kwa maoni yangu, hukumu hiyo haina mizani. Katika soka ya dunia, takriban penalti tatu kati ya kila nne huingia wavuni. Tukiwachukua wapigaji watano wa kiwango hicho, wasio na chembe ya hofu, uwezekano wa wote kufunga haufiki robo, na uwezekano wa wawili au zaidi kukosa ni kama asilimia 37. Kenya ilikosa mikwaju miwili. Je, huo ni woga au ni hesabu ya kawaida?

Kipimo cha haki kina masharti matatu. Kwanza, zitazamwe mechi nyingi zenye uzito unaokaribiana, si dakika moja ya usiku mmoja. Pili, azingatiwe mpinzani: katika hatua ya makundi Kenya iliilaza Moroko 1-0, timu iliyotwaa kombe baadaye, nayo Madagaska ilifika fainali. Tatu, mchezaji alinganishwe na kiwango chake mwenyewe cha siku za kawaida, wala si na ndoto za mashabiki.

Wapo watakaosema kwamba shinikizo ni jambo la kweli. Sipingi. Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa. Hata hivyo, mcheza kwao hutwikwa pia matumaini ya taifa zima. Ninachopinga ni kulitaja shinikizo pale tu tunaposhindwa, na kulisahau siku tulipoilaza Moroko mbele ya umati uo huo.

Suala hili linatuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili. Baadhi yetu ndio watangazaji na waandishi wa michezo wa kesho. Neno "mwoga" likishatamkwa redioni, humfuata kijana hadi mlangoni kwao. Anayelitumia basi awe na ushahidi unaozidi mkwaju mmoja.