NGUO YA KUAZIMA HAISITIRI MATAKO!

Kijana mwenzangu, wewe uliyetoka Gonja na begi moja ukaja kupiga mnada wa mitumba Karume, hilo shati mkononi mwako lina siasa ndani yake. Nisikilize.

Machi 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikutana Arusha, wakakubaliana mitumba iondolewe ndani ya miaka mitatu ili viwanda vyetu vya nguo vifufuke. Wakapeana mikono, wakapiga picha.

Mwaka 2017 wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao. Washington ikatunisha misuli: mkizuia nguo zetu kuukuu, tutawatoa AGOA, ile sheria ya mwaka 2000 ya kuingiza bidhaa za Afrika kwao bila ushuru.

Kenya ikanywea kwanza. Mapema 2018 Tanzania na Uganda nazo zikarudi nyuma. Rwanda peke yake, iliyokuwa imepandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, ikakaza. Julai 2018 ikaadhibiwa: nguo zake zikafutiwa msamaha wa ushuru.

Huo ndio urafiki wa mkubwa! Umekataa makombo yake, anakupokonya sahani.

Sisemi mitumba ipigwe marufuku kesho. Najua ndiyo inayokulipia chumba Manzese. Nauliza hivi: kama uamuzi ule ulikuwa mbaya, vigogo wetu waliupitisha kwa nini? Kama ulikuwa mzuri, waliumeza kwa nini bila kukuuliza wewe mlalahoi? Na pamba ya mkulima wetu, ambayo sehemu kubwa inauzwa nje ikiwa ghafi, itashonwa lini hapa?

Babu zako walikuwa na jibu. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare waliteremka milimani, wakakusanyika Same kuikataa kodi ya Mwingereza waliyoiita mbiru. Hawakuwa na bunduki. Walikaa, wakagoma kuondoka. Mwishowe kodi ile ikafutwa.

Unadhani wangeitwa mmoja mmoja ofisini kwa Bwana Shauri, wangeshinda? Thubutu! Wangenyweshwa chai na kulipa.

Hivyo ndivyo Afrika Mashariki ilivyotafunwa: mmoja mmoja. Mbunge wako akija na kanga na fulana, muulize: siku ile mlimwachaje Mnyarwanda peke yake?

Asipojibu, jibu unalo wewe. Liko kwenye sanduku la kura!