Usinionyeshe Dhahabu, Nionyeshe Mchanga Uliotupwa

Wasee, wiki jana nimepigiwa simu na jamaa anataka nimtangazie mashine ya kuosha dhahabu. Doo nzuri, video ya dakika moja tu. Nimekataa. Lakini najua kuna mwenzangu hapa Embu ama Meru atakubali, kwa hivyo wacha niongee kabla video yake haijawafikia.

Binamu yangu wa Siakago aliuza ng'ombe wawili akanunua mashine kama hiyo. Ilikuwa 2024, kaunti za Pwani zimepiga marufuku muguka, na kila kijana wa Mbeere anatafuta njia nyingine. Akaibeba hadi Mto Muruny, Pokot Magharibi, mahali watu huosha mchanga wa mto kwa karai. Nikaenda kumtembelea (nilikuwa nimeacha chuo, sikuwa na ratiba yoyote). Injini inanguruma, pampu inakunywa petroli, na kwa zulia dhahabu inaonekana, kidogo. Halafu nikaangalia kule maji yanatokea. Akina mama wanne wameketi na makarai, wanaosha ule mchanga mashine imetupa. Na walikuwa wanapata! Binamu ananunua mafuta, wao wanavuna. Nilipomwonyesha alicheka tu, kicheko cha mtu anayejua ng'ombe hawarudi.

Muuzaji alikuwa amemwambia dhahabu haiwezi kupotea kwa sababu ni nzito. Kweli ni nzito: mara 19 ya maji, na mchanga wa kawaida haufiki hata mara 3. Lakini chembe iliyo ndogo kuliko sehemu ya kumi ya milimita, tena bapa kama gamba la samaki, maji yanaibeba kama jani. Ukimwaga kokoto na mchanga laini pamoja, maji yenye nguvu ya kusukuma kokoto ndiyo hayo hayo yanafagia dhahabu laini. Ndiyo maana unachekecha kwanza. Kokoto zinaoshwa kivyake, na ule laini unapitishwa polepole, maji kidogo, mwinamo mdogo. Chekeche haina injini, haipendezi kwa video, na hakuna mtu amewahi kunipigia simu niitangaze.

Mashine za kuzungusha kwa kasi, kama Knelson, hushika dhahabu laini, sibishani. Zinataka maji safi, presha isiyopandapanda na mtu anayezijua. Hiyo ya binamu haikuwa ya aina hiyo, ilikuwa bati linalotikisika.

Na mtu akishachoka kupoteza, anaambiwa anunue zebaki. Zebaki inashika iliyobaki kwenye karai, ile iliyoenda na mto imeenda. Halafu unaichoma na kuivuta kifuani, na mtoto wako ako hapo kando. Kenya iliweka sahihi mkataba wa Minamata wa kupunguza sumu hii mwaka wa 2013, na bado tunauziana. Wachimbaji wa Benguet kule Ufilipino wanaosha mpaka ibaki dhahabu karibu tupu, kisha wanaiyeyusha na boraksi. Zebaki haiguswi.

Najua komenti zinakuja: uliacha chuo, sasa unatufundisha uhandisi? Buda, karai haiulizi digrii. Kabla hujalipa, beba mchanga wako mwenyewe. Ukishapita kwa mashine, kinga ndoo moja ya ule uliotupwa, uoshe kwa karai mbele ya muuzaji. Ukiona dhahabu pale chini, hiyo ndiyo pesa yako inaenda.

Hii si ya dhahabu pekee. Tangu Januari 2024, Waziri Salim Mvurya alipotangaza kwamba Embu kuna koltani, naona matangazo yamebadilisha jina tu. Koltani pia hutenganishwa kwa uzito, na ni nyepesi kuliko dhahabu, kwa hivyo bati lile litaipoteza upesi zaidi.

Yule jamaa wa simu nilimwomba tufanye jaribio la ndoo, nirekodi video bila malipo. Alisema atanipigia jioni. Leo ni siku ya nane.