Amri Iandikwe kwa Lugha ya Amri

Miongoni mwa vitenzi vya Kiingereza vilivyovuka bahari vikaja kukaa katika sheria zetu, hapana kilichopewa cheo kikubwa kama "shall", wala hapana kilichozusha hoja nyingi mbele ya mahakimu kuliko hicho. Asili yake, katika Kiingereza cha kale, ilikuwa ni kuwiwa deni. Na kwa kuwa awiwaye hana budi kulipa, maana ikahama kutoka deni hata wajibu, na kutoka wajibu hata jambo lolote litakalokuja. Mwaka 1653 John Wallis, mwanahisabati aliyeandika sarufi ya Kiingereza kwa Kilatini, aliweka kanuni kwamba msemaji ajitajapo mwenyewe hubashiri tu kwa "shall", lakini amtajapo mwingine, neno lilo hilo huwa ni la kuahidi au kuogofya. Leo Waingereza aghalabu wameliacha katika mazungumzo, isipokuwa wanapoulizana kama wafungue dirisha. Wakilazimisha husema "must", wakishauri "should", wakiruhusu "may". Makao ya "shall" yamebaki katika sheria, na humo limedumu na utata wake wote: hujui kama laamuru, laahidi, au labashiri.

Utata huo si mchezo wa wanasarufi. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Kifungu cha 81, yataka kwa neno hilo hilo kwamba wanachama wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa. Ilipofika Desemba 2012, Mahakama ya Juu iliombwa ushauri, na majaji walio wengi wakaona kwamba neno hilo huwa amri ya papo hapo pale tu ambapo kazi yenyewe i tayari kutekelezwa bila matayarisho zaidi, na kwamba usawa huo ungefikiwa hatua kwa hatua. Jaji Mkuu Willy Mutunga akapinga, akaona kuwa amri imekwisha kutolewa na wakati wake ni sasa. Bunge halikutunga sheria iliyohitajiwa, hata Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje, nalo halikuvunjwa. Tanzania nayo inayo Sheria ya Tafsiri ya Sheria, ambayo kifungu chake cha 53 chasema wazi kwamba "shall" ni lazima na "may" ni hiari. Walakini Mahakama ya Rufani imepata kuamua kwamba katika mwenendo wa makosa ya jinai neno hilo si la lazima kwa kila hali. Ikiwa neno lahitaji sheria ya kulifasiri, na sheria hiyo nayo yahitaji mahakama ya kuipunguza makali, basi kasoro i katika neno lenyewe. Afrika Kusini iliitambua kasoro hiyo ilipoandika Katiba yake ya 1996 kwa "must", na Marekani iliitambua ilipozisahihisha kanuni za madai za mahakama zake za shirikisho mwaka 2007.

Nayasema haya kwa sababu tangu 2021 Kiswahili kimekuwa lugha ya sheria Tanzania, na kazi ya kufasiri iliyo mbele yetu ni kubwa. Nachelea kwamba mfasiri, akutapo "shall", huandika "-ta-" akaendelea na safari. "Mwajiri atampa mwajiriwa cheti cha utumishi." Mwajiriwa aisomapo sentensi hiyo huona kuwa ni haki yake, mwajiri naye aweza kuisoma kwa tabasamu akajibu, "Nitampa," na lini hakusema, maana sheria nayo haikusema zaidi yake. Iandikwe badala yake, "Ni lazima mwajiri ampe mwajiriwa cheti cha utumishi," na tabasamu halitakuwa na mahali pa kukaa. Kadhalika "anaweza", litumikalo kwa "may", huchanganya uwezo na ruhusa, hali "ana hiari ya" halichanganyi kitu.

Wala hatukosi maneno. Mtoto wa pwani aketiye chuoni hujifunza mapema kupambanua faradhi na sunna, mubaha na makuruhu na haramu, na lugha iliyompa vipimo hivyo vya wajibu haiwezi kuambiwa kwamba ni maskini wa istilahi za amri. Biblia ya Kiingereza ya 1611 humkataza mtu kuua kwa "shalt not". Ya Kiswahili husema "Usiue", na hapana aliyepata kudhani kuwa huo ni utabiri.

Najua nitajibiwa kwamba "-ta-" imekwisha kuzoeleka, hata katika Katiba ya 1977, na kwamba wanasheria huielewa. Huielewa, naam, lakini sheria huwafunga pia wauza samaki, makuli na wapangaji, nao hawakusoma chuo cha sheria. Nitajibiwa tena kwamba hata "lazima" litabishaniwa mahakamani. Huenda, ila atakayetaka kukwepa "lazima" atabeba yeye mzigo wa kuthibitisha kwamba si lazima, na mnyonge hatabebeshwa mzigo wa kuthibitisha kwamba ahadi ilikuwa amri. Basi wafasiri wa serikali wakubaliane kanuni moja, waichapishe, na waifuate katika kila sheria: wajibu uandikwe kwa "ni lazima", ruhusa kwa "ana hiari", katazo kwa "ni marufuku", na "-ta-" iachiwe mambo yajayo.