Karatasi ya Januari



Kila Januari vikundi vyetu vya parokia hutundika ukutani karatasi kubwa ya malengo: kusoma Injili zote nne, kutembelea wagonjwa 50, kununua vyombo vya kwaya. Tunapiga makofi. Ikifika Pasaka hakuna anayeitazama tena. Ya kwetu tuliikuta imeziba dirisha lililovunjika la ukumbi, na kwa kweli hiyo ndiyo kazi pekee iliyoifanya vizuri.

Twasema wazi: mtindo huu unatudanganya. Lengo hutuonjesha furaha ya kufika kabla hatujaondoka. Tazameni kanisa linavyojaa kwa novena kabla ya Mtihani wa Taifa, na mabenchi yanavyobaki matupu matokeo yakishatangazwa. Tazameni Kipaimara: kijana hufuata mafundisho, hupakwa Krisma, hupigwa picha na wazazi wake, kisha haonekani tena hadi siku ya ndoa. Alikuwa na lengo, akalifikia. Nani atamlaumu? Ndivyo tulivyomfundisha.

Kanisa halikutufundisha hivyo. Katekisimu huieleza fadhila kuwa tabia thabiti ya kutenda mema, yaani jambo lililozoeleka ndani ya mtu hata siku ya majaribu lisihitaji mjadala mrefu.

Mfikirieni Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma, aliyetangazwa Mwenyeheri huko Roma tarehe 15 Juni 2025. Kazi yake ilikuwa kukagua bidhaa zinazoingia mpakani. Alikataa rushwa ili vyakula vilivyoharibika visiuzwe kwa watu, na Julai 2007 akauawa, akiwa na miaka 26. Wengi humsimulia kana kwamba ushujaa ulimshukia ghafla. La hasha! Tangu zamani alizoea kusali pamoja na wenzake wa Jumuiya ya Sant'Egidio na kuwahudumia watoto wa mitaani, wale ambao mji huwaita maibobo na kuwafukuza. Aliyezoea kukaa na mtoto mwenye njaa anajua chakula kibovu kitamwua nani. Wala hatudhani kwamba aliwahi kuandika uenyeheri katika orodha ya malengo yake.

Wapo watakaotujibu kwamba Mtume Paulo mwenyewe aliwaandikia Wakorintho habari za mkimbiaji na taji. Ni kweli, lakini someni mpaka mwisho wa sura: Paulo anamalizia na kuutiisha mwili wake. Taji hutamaniwa na wote walio uwanjani, hata wanaoshindwa.

Tena sisi wa mashariki ya Kongo tunajua vita inavyoitendea mipango. Malengo ya Januari 2025 yalikuwa bado mabichi ukutani, Goma ikaingia vitani, na Bukavu baada yake. Lengo hudai mwaka mtulivu. Rozari ya jioni haidai. Husaliwa hata chini ya hema la wakimbizi.

Kikundi chetu hakitatundika karatasi tena. Kila Alhamisi, saa kumi na moja jioni, wawili wetu wanakwenda kumchotea maji mama mmoja mgonjwa wa shirika letu, yule yule kila juma. Mvua ikinyesha, wanafika wamelowa. Paroko ameuliza tutampa ripoti gani mwisho wa mwaka. Bado hatujapata jibu.