Afya ya mama ikiwa hatarini, tusisubiri azidiwe

Mwaka jana mume mmoja aliniuliza swali lililonikaa. Mkewe alikuwa na mimba ya wiki tisa, na vali moja ya moyo wake ilikuwa imebana mno kwa sababu ya homa ya baridi yabisi aliyougua utotoni. "Daktari, unasema kuna hatari, na mke wangu amepanda ngazi mwenyewe hadi hapa?"

(Mzazi, homa hiyo huanza na koo kuuma. Mtoto akiwa na koo linalouma na joto mwilini, mpeleke hospitali.)

Nilimweleza hivi. Mja mzito huongezeka damu kwa karibu nusu, na kilele chake ni baada ya wiki ya 30 hivi. Vali iliyobana namna ile haiwezi kuipitisha damu yote hiyo, kwa hiyo mapafu hujaa maji. Ngazi za wiki ya tisa hazikwambii lolote kuhusu mwezi wa saba.

Sasa tazama sheria yetu. Kifungu 26(4) cha Katiba kinakataza kuavya mimba, isipokuwa mhudumu wa afya mwenye mafunzo anapoona kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine ikiruhusu. Sheria ya Afya ya 2017 ikafafanua mhudumu huyo ni nani: daktari, muuguzi, mkunga au afisa wa kliniki mwenye ujuzi na leseni. Lakini hatari ya kiasi gani? Ya leo, au ya miezi minne ijayo? Hapo kimya. Kanuni ya Adhabu nayo ingali inatishia kifungo cha miaka 14 kwa anayetoa mimba kinyume cha sheria, na kinga yake kwa daktari inataja kuokoa maisha tu, haitaji afya. Wizara ilitoa mwongozo mwaka 2012 kisha ikauondoa mwaka uliofuata. Juni 2019 Mahakama Kuu ikasema kuuondoa kulikuwa kinyume cha sheria. Afisa wa kliniki aliye peke yake zamu ya usiku atafuata kipi? Atasubiri. Simlaumu sana.

Ireland walilipia kusubiri huko. Sheria yao ilitazama maisha ya mama pekee. Oktoba 2012 Savita Halappanavar alilazwa akiwa na mimba ya wiki 17 iliyokuwa ikiharibika. Aliomba itolewe, akakataliwa kwa kuwa moyo wa kijusi ulikuwa ukipiga. Alikufa wiki moja baada ya kulazwa, maambukizi yakiwa yameenea mwilini. Tangu 2018 sheria yao inataja pia madhara makubwa kwa afya, na madaktari wawili ndio hupima. Kukiwa na dharura, mmoja anatosha.

Wapo wanaotaka bunge letu litoe orodha ya magonjwa. Mimi nasema hapana. Vali iliyobana kidogo na iliyobana sana zina jina moja la ugonjwa. Mama mmoja atazaa salama, mwingine atakufa. Orodha ingemsukuma wa kwanza bure na kumfungia nje yule ambaye ugonjwa wake ulisahaulika. Afadhali sheria itamke wazi kwamba hatari inayotabirika ni hatari, na kwamba mhudumu aliyepima kwa nia njema na kuandika sababu zake kwenye faili hatashtakiwa.

Najua wengi wenu mnapinga uavyaji mimba kwa imani, na sikuandika haya ili niwageuze. Mama mwenyewe ndiye huamua kuendelea au la. Kazi yangu ni kumwambia ukweli mapema. Ukiwa na ugonjwa wa moyo, figo au presha, nenda ukapimwe kabla ya kushika mimba. Ukiambiwa kuna hatari, uliza ni ya wiki ya ngapi, kisha uombe iandikwe.

Yule mama aliamua mimba itolewe. Nilimwandikia barua, lakini hospitali ya karibu na kwao ikamwambia arudi akizidiwa. Alirejea kwangu wiki ya 24, akilala ameketi kwenye kiti. Alifanyiwa upasuaji wiki ya 28. Mtoto aliishi siku mbili. Mama yuko hai. Siku za kliniki mimi ndiye hushuka kumwona chini, kwa sababu ngazi zile hazimudu tena.