Afya ya Nyumbani: Goti la Mama na Ng'ombe Wawili

Ndugu wa Ukerewe anauliza: mama yake, mwuza dagaa wa Mwaloni Kirumba, amepita miaka sitini, na goti lake limesagika hata kupanda meli ni taabu. Wameambiwa kwamba goti laweza kusafishwa kwa tundu dogo, bila kisu kikubwa. Je, wauze ng'ombe wawili?

Msiwauze kwa kazi hiyo.

Tundu lenyewe si uongo. Daktari huingiza kijibomba chembamba chenye taa, akatazama ndani, kisha kwa tundu la pili huliosha goti na kukwangua palipochakaa. Lakini gegedu, ule mto laini wa kwenye ncha za mifupa, ukiisha kulika haurudi kwa kuoshwa. Nguo iliyotoboka haizibwi kwa sabuni.

Jambo hili limepimwa. Huko Houston, Marekani, wagonjwa 180 waligawanywa mafungu matatu: wengine wakaoshwa goti, wengine wakakwanguliwa, na wengine wakachanjwa ngozi tu na kushonwa, wasijue wamo fungu lipi. Walikuwa wamekubali tangu mwanzo. Wakaangaliwa miaka miwili, na habari ikatolewa mwaka 2002: waliotibiwa hawakuwapita walioshonwa bure. Mwaka 2017 jopo la wataalamu wa mataifa likashauri kwa nguvu upasuaji huo usifanywe kwa magoti yaliyochakaa.

Kijana aliyeumia mpirani, goti likakwama lisinyooke, huyo ni habari nyingine.

Basi mama afanye nini? Aketi kitini, anyoshe mguu, auzuie hata ahesabu tano, aushushe; mara kumi, asubuhi na jioni. Msuli wa paja ndio mhimili wa goti. Akiwa mnene apunguze: kila kilo inayomtoka huliondolea goti mzigo wa kilo nne hivi kwa kila hatua. Fimbo aishike mkono wa upande wa goti zima, wala asione haya. Ndoo za dagaa wabebe wajukuu. Wako wapi hao? Vidonge vya dukani asivimeze kila siku bila daktari, maana vingine hutia vidonda tumboni na kudhuru figo. Goti likivimba ghafula, likawa la moto pamoja na homa, hospitali siku hiyo hiyo.

Hayo yote yakishindwa, liko tiba kubwa la kuwekewa goti la bandia, nalo hufanywa katika taasisi ya mifupa ya MOI, Muhimbili. Kwanza mpelekeni Bugando kwa daktari wa mifupa, apigwe picha akiwa amesimama. Ulizeni bei, na kama bima inalipa. Ng'ombe wakae zizini mpaka hapo.